Merikebu ya Mafunzo: Historia ya Chombo na Hatima ya Majina Yake

Utangulizi

Katika shule zetu za msingi, ziwe za pwani au za bara, husimikwa uwanjani mti mmoja mrefu ambao kwao bendera ya taifa hupandishwa. Mti huo huitwa mlingoti. Mwanafunzi wa Tlawi, katika wilaya ya Mbulu, hulitumia neno hilo bila taabu yoyote, ingawa maji makubwa aliyoyazoea ni lile ziwa dogo la Tlawi, na bahari iko mamia ya kilomita kutoka vilima vya Wairaqw. Mwalimu wake akimwambia kwamba mlingoti asili yake ni mti unaosimama juu ya chombo cha baharini ili uchukue tanga, huenda akashangaa. Akimwuliza mwalimu huyo majina ya vitu vingine vilivyoambatana na mlingoti huo chomboni, huenda zamu ya kushangaa ikawa ya mwalimu.

Katika makala hii nakusudia kueleza kwa muhtasari historia ya aina moja ya chombo, nayo ni merikebu kubwa ya mbao, yenye milingoti na matanga, inayotumiwa kuwafundisha vijana kazi ya ubaharia. Nimechagua chombo hiki kwa sababu kinawapa watafsiri wetu shida isiyo ya lazima. Nimepata kuona rasimu ya tafsiri ambamo merikebu ya namna hii iliitwa "meli ndefu", mlingoti ukaitwa "nguzo ya meli", na foromali ikaitwa "boriti ya kulala". Mwandishi wa rasimu ile hakuwa mvivu; alitafuta maneno, hakuyaona, akayaunda. Hoja yangu ni kwamba hakuwa na haja ya kuyaunda. Maneno yapo, yamekwisha kutumika kwa vizazi vingi, na yanapotea kwa sababu hatuyaiti kazini.

Chombo, jahazi, merikebu na meli

Yafaa tuanze na majina ya jumla. Neno pana kuliko yote ni chombo, ambalo kwa watu wa pwani, likitajwa peke yake katika mazungumzo ya bahari, huwa na maana ya kila kinachoelea na kusafiri. Jahazi ni chombo cha mbao cha kienyeji chenye tanga la pembe, kinachochukua shehena na abiria katika mwambao wetu. Pamoja nalo viko vyombo vyenye majina yao mahsusi, kama vile mashua, dau, ngalawa na mtepe. Huyo mtepe alikuwa chombo cha ajabu: mbao zake hazikupigwa misumari bali zilishonwa kwa kamba za makumbi ya nazi, na tanga lake lilikuwa la mkeka, la umbo la mraba. Tukumbuke jambo hili la tanga la mraba, maana tutalirudia.

Merikebu ni neno tulilolipata kutoka Kiarabu, na Waswahili walilitumia hasa kwa vyombo vikubwa vilivyoundwa kwa mtindo wa kigeni, vyenye milingoti kadhaa. Zilipokuja meli za moshi katika karne ya 19, wenyeji wa pwani hawakutupa neno lao. Walisema merikebu ya matanga na merikebu ya moshi, au merikebu ya dohani kwa sababu ya bomba lake la kutolea moshi. Baadaye likaingia neno meli, ambalo asili yake ni neno la Kiingereza lenye maana ya barua na vifurushi vya posta, kwa kuwa ni merikebu za moshi zilizochukua posta ndizo zilizofika bandarini kwa tarehe maalumu. Basi meli kwa asili yake ni chombo cha injini. Kumwita meli mnyama huyu wa upepo si kosa kubwa katika mazungumzo ya kawaida, lakini katika istilahi ni kuuficha mpaka ambao wazee wetu waliuchora wazi.

Hapa ndipo kosa la "meli ndefu" linapoonekana. Waingereza huziita merikebu hizi kwa sifa ya kimo, kwa maana ya urefu wa milingoti kwenda juu. Katika Kiswahili, chombo kikisemwa ni kirefu, msikilizaji hufikiri urefu wa kutoka omo mpaka tezi. Mtafsiri amechukua neno moja moja, maana ikabaki ng'ambo.

Merikebu ya Unguja iliyofika New York

Huenda msomaji akadhani kwamba merikebu za milingoti mitatu ni habari za watu wa Ulaya tu. Sivyo. Mojawapo ya safari mashuhuri katika historia ya bandari ya Unguja ilifanywa na merikebu ya namna hiyo, jina lake Sultana, mali ya Sayyid Said bin Sultan. Iliundwa Bombay mwaka 1833, na mwaka huohuo Sayyid Said alifanya mkataba wa biashara na Marekani. Mwaka 1837 balozi mdogo wa kwanza wa Marekani alifika Unguja.

Mwaka 1840, katika mwezi wa Februari, Sultana iling'oa nanga Unguja. Wakati huo ni wakati wa kaskazi, upepo uvumao kutoka kaskazini-mashariki, unaosukuma vyombo kuelekea kusini. Merikebu ilizunguka Rasi ya Tumaini Jema, ikavuka bahari ya Atlantiki, na tarehe 30 Aprili ikatia nanga New York. Mjumbe wa Sayyid Said alikuwa Ahmad bin Naaman. Ndani ya shehena mlikuwa na pembe za ndovu, karafuu, kahawa na tende. Na miongoni mwa zawadi zilizopelekwa kwa Rais Martin Van Buren walikuwamo farasi wawili. Kabla ya kurudi, merikebu ilitengenezwa upya katika gati la jeshi la wanamaji la Marekani.

Biashara hiyo ilileta katika nchi zetu kitambaa cha pamba kilichopewa jina la nchi kilikotoka. Hata leo tunakiita merikani. Neno hilo lilisafiri na misafara likaenda bara, likafika kwa watu ambao hawakuwahi kuiona bahari wala Mmarekani. Huo ni mfano wa kwanza wa jambo ninalotaka kulionyesha: chombo hubeba shehena, na shehena hubeba neno.

Kutoka Captain Scott hadi Shabab Oman

Katika karne ya 20 merikebu za matanga ziliacha kuchukua bidhaa za dunia. Injini zilizishinda kwa kasi na kwa uhakika wa ratiba. Hata hivyo, nchi kadhaa zilizihifadhi au ziliunda mpya kwa kusudi la mafunzo tu. Sababu yao ilikuwa kwamba kijana aliyejifunza kusoma upepo, kufunga kamba gizani, kupanda mlingoti baharini na kutii amri pamoja na wenzake huwa baharia bora hata akienda baadaye kuhudumu katika meli ya injini. Tanga halina swichi. Likikosewa, hujibu papo hapo.

Mfano ulio karibu zaidi na wasemaji wa Kiswahili ni merikebu Shabab Oman. Iliundwa katika mji wa Buckie, Uskoti, mwaka 1971, kwa mbao na kwa ufundi wa jadi wa waunda vyombo wa pwani ile, ikapewa jina la Captain Scott. Ilikuwa na milingoti mitatu, na urefu wake pamoja na mlingoti wa maji ulikaribia mita 52. Kazi yake ilikuwa kuwachukua vijana katika safari za mafunzo. Mwaka 1977 ilinunuliwa na Oman, na mwaka 1979 ikawa chini ya jeshi la wanamaji la nchi hiyo. Jina lake jipya maana yake ni Vijana wa Oman.

Kwa nini nasema mfano huu uko karibu nasi? Kwa sababu Oman ni nchi yenye watu wengi wanaosema Kiswahili nyumbani, hasa wale ambao wao au wazazi wao walitoka Unguja, Pemba na mwambao. Habari za merikebu hii zinapozungumzwa katika nyumba hizo, zinazungumzwa kwa Kiswahili, na lugha yetu inadaiwa maneno ya kuzielezea.

Mwaka 1984 matanga ya Shabab Oman yalibadilishwa mpangilio. Mlingoti wa omo ukawekewa matanga ya mraba juu hadi chini, na ile miwili ya nyuma ikabaki na matanga yanayofuata urefu wa chombo. Mwaka 1986 ilikwenda New York katika sherehe za kutimiza miaka mia moja ya Sanamu ya Uhuru, ikaingia katika bandari ileile iliyoipokea Sultana miaka 146 kabla yake. Iliendelea kuhudumu mpaka mwaka 2014, nafasi yake ilipochukuliwa na merikebu ya pili yenye jina hilohilo, iliyoundwa na kampuni ya Uholanzi, ambayo mwili wake ni wa chuma.

Hesabu ya milingoti

Lugha za Ulaya zina jina la pekee kwa kila mpangilio wa milingoti na matanga. Mtafsiri akikutana na majina hayo huona giza. Je, ayatohoe yote? Kabla hajafanya hivyo, na atazame namna watu wa bandari ya Unguja walivyoitatua shida hiyo katika karne ya 19. Wao walihesabu milingoti. Merikebu yenye matanga ya mraba katika milingoti yake yote mitatu waliiita merikebu ya milingoti mitatu. Ile ambayo miwili ya mbele ina matanga ya mraba na ule wa nyuma hauna, waliiita merikebu ya milingoti miwili na nusu. Kamusi na vitabu vya kale vya Kiswahili cha Unguja vimehifadhi majina haya.

Asiyejua mambo ya bahari huweza kucheka na kuuliza mlingoti nusu ni upi, na umevunjwa na nani. Lakini hesabu ile ina akili. Mlingoti wenye foromali zilizokingama na matanga ya mraba ulihesabiwa mzima. Usiokuwa nazo ulihesabiwa nusu. Kwa hesabu hiyo, Shabab Oman baada ya mwaka 1984 ilikuwa na mlingoti mmoja mzima na nusu mbili. Jina hili la mwisho ni pendekezo langu, wala sikulikuta popote, lakini limejengwa juu ya msingi wa wazee, na baharia wa zamani angelielewa mara moja. Kanuni ya namna hii ina faida kuliko orodha ya maneno ya kutohoa, kwani kanuni huzaa majina mengine, na orodha hubaki vile ilivyo.

Hali kadhalika, milingoti yenyewe ilikuwa na majina. Ule wa mbele ni mlingoti wa omo. Ule mdogo wa nyuma ni mlingoti wa galme. Ule unaochomoza mbele ya chombo kana kwamba unayaonyesha maji kidole huitwa mlingoti wa maji. Mti unaoning'inia mlingotini na kuchukua tanga ni foromali. Jahazi lina foromali moja iliyoinama. Merikebu ya matanga ya mraba huwa nazo kadhaa katika mlingoti mmoja, zimekingama. Neno ni lilelile. Na tusiseme tanga la mraba ni geni kwetu, maana mtepe alikuwa nalo.

Maneno ya kazi na ya mafunzo

Katika mwambao wetu hapakuwa na merikebu maalumu ya mafunzo. Kila chombo kilikuwa shule. Kijana aliingia akiwa mdogo, akapika, akateka maji ya ngamani, akajua kamba moja baada ya nyingine, na kama alikuwa na jicho la kusoma anga na pepo, akaishia kuwa nahodha. Hata uundaji wa chombo ulifundishwa vivyo hivyo, kwa mikono na kwa macho, katika mahali kama Nungwi huko Unguja, Chole katika Mafia, na Matondoni huko Lamu. Fundi alilaza mkuku kwanza, akasimamisha mataruma, akapigilia mbao, akatia kalafati katika nafasi zilizo kati ya mbao ili maji yasipenye, na mwisho akapaka deheni, yaani mchanganyiko wa chokaa na mafuta, sehemu ya chini inayokaa majini.

Kazi ya kuendesha nayo ina maneno yake. Tanga hutwekwa, halipandishwi tu, nalo hutuliwa. Kamba ya kutwekea ni henza, na ile ipitayo katika kapi zake ni jarari. Upande wa chombo unaopokea upepo ni wa goshi, na upande wa pili ni wa demani. Chombo kikitaka kwenda kule upepo unakotoka hakiwezi kunyoka. Hubisha, yaani huenda upande huu kisha upande ule. Mwenye kusimamia mabaharia katika kazi zote hizi ni serahangi. Kila moja ya maneno haya lina kazi katika kitabu cha mafunzo ya merikebu ya matanga. Mtafsiri akiyajua, hutafsiri kwa neno moja lile ambalo asiyejua hulieleza kwa sentensi nzima.

Maneno yaliyopanda bara

Sasa turudi Tlawi. Nilisema kwamba mwanafunzi wa huko anajua mlingoti bila kujua merikebu. Lakini si hilo tu. Anapofundishwa ramani husema kaskazini na kusini, na maneno hayo yametokana na kaskazi na kusi, pepo mbili zilizopanga mwaka wa mabaharia: kaskazi iliyoleta vyombo kutoka Arabuni kati ya Desemba na Machi, na kusi iliyovirudisha. Anapotazama lori likipanda kuelekea Mbulu, humwona dereva ameshika usukani, na usukani kwanza ulikuwa wa chombo. Kiongozi wa timu yao ya mpira ni nahodha. Mwendeshaji wa ndege ipitayo juu yao ni rubani, jina ambalo kwanza lilikuwa la mtu anayeongoza vyombo kuingia bandarini. Jambo likiharibika, wazee husema limekwenda mrama, na mrama ni kuyumba kwa chombo katika mawimbi. Husema pia kwamba nahodha wengi, chombo huenda mrama. Na kwamba tezi na omo, marejeo ni ngamani.

Basi nusu ya chombo imekwisha kufika Tlawi, tena imefika bila ya kamati wala mkutano. Ilifika kwa sababu watu walipopata kitu kipya, kama vile gari, ndege au uwanja wa mpira, walitazama kwanza katika ghala la maneno waliyokuwa nayo. Hawakumwita rubani "mwendesha chombo cha angani". Hilo ndilo funzo kubwa kwa waundaji wa istilahi. Baraza la Kiswahili la Taifa, tangu lilipoundwa kwa sheria ya mwaka 1967, limekuwa na jukumu la kukuza lugha, na kukuza si kuongeza tu. Ni pamoja na kukitumia kilichopo. Neno lililolala huamshwa kwa gharama ndogo kuliko neno jipya linavyozaliwa na kulelewa.

Iko hatari pia, nayo yafaa isemwe. Maneno kama mlingoti na usukani hayatakufa, kwa sababu yamepata makao mengine nchi kavu. Henza, jarari, galme, goshi na taruma hayakupata. Yanaishi katika vinywa vya mafundi na mabaharia tu, na mafundi hao wanapungua kadiri boti za plastiki na za injini zinavyoongezeka. Siku fundi wa mwisho anayejua taruma atakapoweka chini shoka lake, neno litabaki kamusini kama gamba la konokono: umbo lipo, mwenyewe hayupo.

Mapendekezo

Kwa kuzingatia maelezo hayo, napendekeza kwa watafsiri, walimu na watumishi wa serikali wanaoandika habari za bahari kwamba maneno yafuatayo yatumiwe kwa maana zilizoonyeshwa:

1. Merikebu ya matanga: chombo kikubwa chenye milingoti miwili au zaidi, kinachoendeshwa kwa upepo. "Meli ndefu" isitumiwe.
2. Merikebu ya mafunzo: merikebu inayotumiwa kufundishia ubaharia. Ikihitajika kutofautisha, isemwe merikebu ya matanga ya mafunzo.
3. Mlingoti wa omo, mlingoti mkubwa, mlingoti wa galme: milingoti mitatu ya merikebu kutoka mbele kwenda nyuma.
4. Mlingoti wa maji: mti unaochomoza mbele ya omo.
5. Foromali: mti unaochukua tanga, uwe umeinama au umekingama.
6. Henza: kamba ya kutwekea foromali na tanga lake.
7. Goshi na demani: upande wa upepo na upande usio wa upepo.
8. Kubisha: kwenda kinyume cha upepo kwa kugeuza upande baada ya upande.
9. Mkuku na taruma: uti wa chini wa chombo, na mbavu zake.
10. Serahangi: msimamizi wa mabaharia na wa kazi za kamba na matanga.

Kwa aina za merikebu kulingana na matanga, itumiwe hesabu ya milingoti mizima na nusu kama ilivyoelezwa hapo juu.

Hitimisho

Huenda akatokea wa kuuliza: mwalimu wa Tlawi atayafanyia nini maneno haya? Nami namjibu kwamba mwalimu huyo anasomesha kitabu kilichotafsiriwa na mtu wa mjini, na mtu huyo akiandika "nguzo ya meli", mwanafunzi atajifunza kwamba kitu hicho hakina jina katika lugha yake. Akiandika mlingoti, mwanafunzi atanyanyua macho dirishani, ataiona bendera, na kitabu kitakuwa kimeanza na kitu anachokijua. Hapo mwalimu aweza kumpeleka hatua ya pili: kwamba kamba anayoivuta asubuhi kupandisha bendera, chomboni huitwa henza.

Ni matumaini yangu kwamba wasomaji wenye ndugu au majirani waliowahi kuwa mabaharia au mafundi wa vyombo watakaa nao na kuandika wanayoyasikia, kila neno na maana yake na mahali linapotumika. Kazi hiyo haihitaji fedha nyingi. Inahitaji daftari, subira, na kuanza mapema.